Dume la Mtaa Mzima

Mtaani walimwita Mkwe, kwa sababu dume lake lilikuwa mume wa karibu kila nguruwe jike wa pale. Aliliogesha kila asubuhi, akalisugua masikio kwa brashi, ndipo akaliongoza kwa fimbo hadi banda lililomwita. Lilikuwa jeupe, refu, mgongo umenyooka kama ubao. Wafugaji walijivunia kwamba watoto wote walifanana nalo, na majike waliobakizwa kuzaa wakarudishwa kwa dume lilelile. Baba akawa babu, na hakuna aliyeona haya.

Kisha kikaja kikohozi. Watoto wa dume lile wakafa kama waliopangwa foleni. Dada yake Mkwe alizika uzao mzima. Ng'ambo ya barabara, kwa fundi cherehani, nguruwe walikohoa vilevile, ila wengi walipona.

Daktari wa mifugo hakumficha Mkwe. Alimweleza kuwa kinga ya mwili hurithiwa, na wazazi mbalimbali huleta kinga mbalimbali. "Ninyi mmefunga nyumba zote kwa kufuli za aina moja," alisema. "Mwizi akipata ufunguo mmoja, ameingia kote."

Dada hakuwa na habari hizo. Jike wake alipopata joto la kutaka dume, alituma ujumbe aletewe dume lilelile. Mkwe angeweza kunyamaza. Lakini kunyamazia kosa ambalo limeshaua ni kuua tena, na hilo alilijua. Akavaa shati safi, akavuka barabara.

Dume la fundi lilikuwa jeusi, fupi, lenye kibiongo. Mkwe mwenyewe ndiye aliyelibandika jina la Gunia, tena mbele za watu.

"Mkwe umekuja kuposa?" fundi aliuliza, macho kwenye cherehani.

"Nimekuja tubadilishane madume."

"Lako zuri. Langu si gunia?"

"Nilisema, mama, na nilikosea. Watoto wa dume langu wote ni ndugu, ndiyo maana wamekwenda pamoja."

Fundi alikata uzi kwa meno, akamwacha asimame. Hatimaye akakubali kwa sharti moja: sababu ya mabadilishano aiseme mwenyewe, kila banda atakalofika.

Mtaa ulitoka nje kumcheka akiliongoza lile jeusi. Dada akauliza kama kaka yake amerukwa na akili. Mkwe akamweleza yote palepale, majirani wakisikia, bila kujitetea.  Dada akafungua banda, akasogea pembeni, dume likapita.