Uchokozi wa Kimarekani katika Posa ya Al Qabil

Sijivunii hata kidogo nitakayoyasimulia, na lau si kwamba waliokuwapo wanayasimulia vibaya kuliko yalivyokuwa, ningeyaacha yalale.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikisomesha Kiingereza Ibra, huko Omani, na mwenzangu mmoja, Mmarekani mwenye kicheko cha polepole, alinifundisha semi za mitaani za kwao za kumtania na kumchokoza mtu. Nilizikusanya daftarini kwa uangalifu (nikazipanga kwa herufi, Mungu anisamehe): anayemtania mtu husema amemvuta mguu, anayemuudhi mwenziwe amemchukulia mbuzi wake, na anayemchokoza aliyetulia ametikisa kizimba chake. Nikamuuliza kwa nini lugha moja iwe na maneno mengi hivyo ya kuudhi watu.

"Kwetu," akaniambia, "tunayempenda ndiye tunayemchokoza."

Neno hilo likaniingia, nikatembea nalo siku kadhaa kama mtu aliyeamka na ndoto bado iko machoni.

Siku hizo ndizo tulizokwenda Al Qabil kumposea Salim, mtoto wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba yake. Mwenye nyumba, Bwana Nasor, baba wa binti, ukoo wake ulirudi kutoka Bujumbura, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake cha bara na changu cha Unguja. Jua la alasiri lilikuwa likichujwa na mitende kabla ya kuingia dirishani, moshi wa ubani ukipanda taratibu, na sauti za watu zikinifikia kama zinatoka chini ya maji.

Ada inajulikana: aliyekuja kuposa, akimiminiwa kahawa, huiweka finjani chini bila kuionja mpaka apewe jibu, akikubaliwa hunywa, na kunywa huko ndiko kufunga maneno. Nikaiweka finjani, nikaeleza haja yetu. Bwana Nasor akawatazama wanawe, akatabasamu.

"Mwalimu, binti ni wenu. Kunywa kahawa yako."

Hapo nikaamua jambo dogo tu. Nilimpenda mtu yule, wallahi, nilimpenda ghafla, yeye na mitende yake na utulivu wa nyumba yake, na nikaona hakuna heshima ya kumfanyia iliyozidi kumchokoza. Sikuigusa finjani.

"Kahawa ina nini?" akauliza.

"Haina kitu," nikajibu, nimekunja uso. "Bado nafikiri."

"Unafikiri nini, na wewe ndiye uliyeomba?"

"Mambo husikika, Bwana Nasor."

(Sikuwa nimesikia jambo lolote, ila sifa njema.) Kaka mkubwa wa binti akasimama. "Umesikia nini juu ya dada yangu?"

Nami, badala ya kuinywa ile kahawa na kuyamaliza, nikacheka, na kicheko changu kikabaki peke yake chumbani, hakuna aliyekipokea. Nikazidi kuharibu kwa kueleza, kwa utaratibu wa darasani, kwamba Wamarekani huita jambo hili kumvuta mtu mguu, na mzee aliyekaa kando yangu akaikunja miguu yake ndani ya kanzu. Nyuma ya pazia mama wa binti akaanza kulia. Salim alikuwa akitazama zulia.

"Nilikuwa natania," nikasema.

"Utani hata mimi naujua," akasema Bwana Nasor, bila kupaza sauti. "Lakini sifa ya mtoto wangu ilikuwa mkononi mwako, ukaichezea." Akamgeukia Salim. "Wewe, mwanangu, sina neno nawe. Ijumaa rudi. Uje na mtu mwingine."

Tulikaribia kufika Ibra ndipo Salim aliposema, "Ami, tafadhali, Ijumaa usije."

"Nani atakupeleka?"

Akafikiri. "Basi njoo, lakini ukae garini."

Ijumaa Salim akaingia na binamu yangu wa Sinaw, muuza ngamia, ambaye kutwa nzima hasemi maneno ishirini. Mimi nikabaki kwenye ujia wa mashamba, kivuli cha makuti kikitembea juu ya kioo, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita pembeni, nusu macho nusu usingizini, hata nikasikia vigelegele. Nikatengeneza kilemba changu, nikangoja mtu aje kuniita. Hakuja mtu. Ama walinisahau, ama walinikumbuka vizuri mno.

Tangu siku hiyo, nikimpenda mtu namwambia kuwa nampenda, kwa maneno makavu ya kitabuni. Wengi huchoka kunisikiliza, lakini hakuna mama anayelia.