Mtihani wa Nyuma ya Pazia

Mume wangu alikuwa mtu wa kukiomba radhi hata kiti alichojikwaa nacho. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue kwa nini nilicheka aliponiambia kwamba anataka kuwa mwalimu wa Kiingereza. Nilicheka mbele yake, nami bibi arusi wa juzi ambaye hina haijafifia vizuri miguuni. Mwalimu niliyemjua mimi ni yule wa chuoni tulikosomea Kurani, mwenye bakora na jicho linalokupata hata ukijificha nyuma ya wenzako. Huyu wangu angempiga nani?

Hakukasirika. Alisubiri nimalize, akaniuliza kama nimeshiba kicheko au bado.

Ilikuwa miaka ile kabla ya vita vya Mwingereza na Mjerumani. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya mababu, na ukiitazama kwa nje ungesema wenyewe wana neema. Wenyewe tulikuwa tunaishi kwa heshima ya ukoo tu. Mashamba ya ng'ambo, bara, yalikuwa yameota msitu tangu wale waliolimishwa kwa utumwa walipokuwa huru wakaenda zao, na walikuwa na haki. Sasa ilibidi mtu wa nyumba atafute mshahara. Palikuwa na nafasi ya ukarani wa reli, mbali huko bara, inamngoja. Na palikuwa na hili jambo jipya: serikali ilitaka watu wa hapa hapa kisiwani Amu wafunzwe namna ya kuwasomesha Kiingereza watoto ambao lugha yao ni nyingine. Atakayefaulu angepewa cheti na kubaki Amu akisomesha. Asiyefaulu, reli.

Neno reli halikutajwa nyumbani kwetu. Reli ilikuwa imekwisha kumchukua shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Yeye alijifunza Kiingereza kwa makarani wa forodhani, akapanda meli kwenda Mombasa na kutoka hapo akaingia bara. Mwanzo salamu zilikuwa zikija kwa wasafiri, na safari moja ilikuja doti ya leso. Kisha zikakatika. Hakuja mtu na habari ya kifo, wala hakuja mtu na habari ya uhai. Mavyaa wangu, yaani mama mzazi wa mume wangu, alikuwa na wana wawili tu duniani, na kwake yeye Kiingereza ndicho kilichomwibia mmoja. Mume wangu alipomwambia kwamba safari hii Kiingereza ndicho kitakachomweka, alimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba mwizi amekuja kulinda mlango.

Basi akaenda kufunzwa. Walikuwa vijana wachache, mmoja akija kwa punda kutoka Matondoni na kufika amejaa vumbi. Mfunzi wao alikuwa mzee wa Kigoa aliyewahi kusomesha Bombei, mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye mwenyewe Kiingereza hakukinyonya kwa mama yake. Nadhani ndiyo sababu alijua pa kuanzia. Aliwakataza mambo mawili. Wasimcheke mtoto kwa lugha ya kwao, na wasimharakishe aliyenyamaza. Alikuwa akisema masikio hujaa kabla ya mdomo. Kisha akawaambia kila mmoja aende nyumbani kwake, atafute mtu asiyejua hata neno moja, ajifunzie ualimu kwake.

Mtu huyo nikawa mimi.

Tulikuwa tukikaa msanani, ule ukumbi mrefu wa ndani, baada ya sala ya alasiri, mimi na yeye na kikombe cha kahawa kitupu. Aliniwekea kikombe mbele yangu akasema kwa Kiingereza kwamba kikombe kiko hapa. Akakificha nyuma ya mgongo wake akasema kikombe hakiko hapa. Akakirudisha. Kiko hapa. Akakificha tena. Nayaandika maneno yale kwa Kiswahili, maana ndivyo yanavyonijia nikikumbuka. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikamwambia, "Bwana, mimi si kipofu. Kikombe nakiona kilipo, na kama hukitaki nipe nikakioshe!" Akaniomba radhi. Akakiomba radhi na kikombe. Nikacheka mpaka nikaegemea ukuta, na katika kucheka kule nikajikuta nimelisema lile neno la Kiingereza, hakiko hapa, lote na mkia wake. Alinitazama kama niliyemzalia mtoto.

Hesabu alinifundisha kwa tende. Moja, mbili, na kila niliyoitaja sawa nilikula. Nilikuwa mvivu wa lugha lakini si mvivu wa tende. Halafu yakaja maagizo: fungua, funga, leta, weka juu ya sinia. Hakunitafsiria. Alilisema neno huku akilifanya, kisha akaninyamazia nilifanye mimi, nami nikilikosea alirudi nyuma bila kuguna. Watu husema mapenzi huja baada ya ndoa, na wengine wetu tunangoja yasije. Mimi yalinijia pale, kwa yule mtu mwenye haya aliyekuwa na subira ya kunionyesha ufunguo hadi niujue. Nilimpenda sana. Sioni aibu kuliandika.

Mavyaa wangu alikaa upande wa pili wa msana ule ule, akisuka ukili wa mkeka. Tulipoanza tu somo, tasbihi yake ilipanda sauti. Nikisema moja kwa Kiingereza, yeye "Astaghfirullah". Nikisema mbili, "Astaghfirullah". Kama ni kutokupenda kusikia, nyumba ilikuwa na vyumba, na angeweza kwenda kukaa ndani. Hakwenda. Nilidhani anabaki ili atuudhi, na siku moja nilimwambia mume wangu hivyo. Akaniambia nimwache mama yake, naye asiharakishwe.

Baadaye akapata watoto wa kuwasomesha. Walikuwa wavulana wa mtaani na wengine wawili watatu kutoka mtaa wa Wiyoni, waliokuja sabuleni kwetu, chumba cha kupokelea wageni, wakitoka chuoni. Sisi wanawake tuliwasikia kwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Walikuwa wakikisoma Kiingereza kwa kuyumbayumba na kuvuta maneno kama walivyozoea kusoma chuoni. Mzee wa Kigoa alikuja mara moja, akawasikia, akasema waachwe wayumbe.

Ikapangwa siku ya mtihani. Mzungu msimamizi angekuja na meli kutoka Mombasa, akawaone walimu wapya wakisomesha, kila mtu na darasa lake, aandike vyeti, na alasiri ya siku ya pili aondoke na meli ile ile. Wenzake mume wangu walionwa siku ya kwanza. Yeye aliwekwa asubuhi ya siku ya pili.

Asubuhi ile sabule ilikuwa imefagiwa, mikeka imetandikwa, buli la kahawa liko motoni. Watoto hawakuja. Jua likapanda. Mume wangu alitoka dakani, kwenye baraza la mlango wa nje, akarudi, akatoka tena. Mara jirani yetu akatuita dirishani:

"Bi, wana hawayi yeo! Kuna kijana mehitimu, chuo kizima kimetoka!"

Mtu wa Amu hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto akimaliza msahafu, wenzake wa chuo wote humsindikiza mitaani nyumba kwa nyumba, yeye kavaa joho la babake, wao wakiitikia amina, na kila mlango wananyunyiziwa marashi na kutiwa halua mkononi. Siku ya jambo hilo huamuliwa na mwalimu wa chuo, asubuhi ile ile, mtoto anapofika aya ya mwisho. Si mimi, si liwali, si mfalme wa Uingereza angeweza kumtoa mtoto mmoja katika msafara ule. Mzee wa Kigoa hakuyajua hayo alipopanga siku. Mume wangu aliyajua tangu alipokuwa mtoto, na hayakumjia akilini.

Wakafika, Mzungu na mzee wa Kigoa, wakakaa sabuleni. Nikasikia viatu, nikasikia mume wangu akieleza, akijikwaa katika maneno. Mzungu hakuwa mtu mbaya. Alicheka kidogo, akanywa kahawa, akasema kitu ambacho mzee wa Kigoa alikigeuza kwa Kiswahili polepole, nadhani kwa makusudi ili na sisi wa ndani tusikie. Alisema hawezi kumpa cheti mtu anayesomesha mikeka. Meli inaondoka. Labda mwaka ujao, Mungu akipenda. Na mwaka ujao mume wangu angekuwa wapi, kila mtu katika nyumba ile alijua.

Kwa mbali amina ilikuwa ikipita mtaani, na walioiitikia ndio wanafunzi wetu wenyewe. Nilitaka kupasua lile pazia. Lakini katika nyumba kama ile sauti ya mwanamke haiendi kwa mgeni. Ukiwa na haja unagonga ubao wa mlango kwa pete, mumeo anakuja kukusikiliza, basi. Nikageuka kumtazama mavyaa wangu, maana yeye ndiye mwenye nyumba, na bila idhini yake nisingethubutu hata kukohoa.

Alikuwa amekwisha kuuweka chini ukili. Akanyoosha mkono akagonga yeye mwenyewe.

Mume wangu akaja, uso umempauka.

"Tusomeshe," mama yake akamwambia.

"Mama?"

"Tusomeshe hapa. Sisi si wana, lakini hatuyui, na asiyeyua ndiye wa kusomeshwa."

"Mama, sauti zenu zitasikiwa."

"Alipokwenda nduguyo nalinyamaa," akasema. "Heshima yangu ikasalia, mwanangu akenda. Kasomeshe."

Sijui mume wangu aliwaambia nini wale wageni. Nilichokisikia ni viti vikisogezwa, kisha sauti yake kwa upande wa pili wa pazia, kwa Kiingereza, ikitetemeka. Mkono wake ukapitisha kikombe chini ya pazia. Kiko wapi? Nikajibu, kiko hapa. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku aliyekanyagwa, lakini ilitoka. Akaniamuru niweke kikombe juu ya sinia, niweke ufunguo ndani ya kikombe, nitoe sinia nje ya pazia. Nikafanya. Akanihesabisha tende, na zile nilizokula nikasema haziko hapa. Nilimsikia mzee wa Kigoa akicheka kwa furaha. Na sauti ya mume wangu ikaacha kutetemeka, ikawa ile ya msanani.

Lakini Mzungu hakuwa mtoto. Akasema kitu, na mzee akakitafsiri: haya yaonekana yamezoelewa, naye ataka kuuliza la kwake. Akasogea karibu na pazia mwenyewe, nikaona ncha za viatu vyake. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa adabu, nina watoto wangapi.

Nililielewa swali. Hilo ndilo lililoniuma. Kulikuwa na miezi mingi tangu arusi yangu na wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kuanza kunitazama tumbo wakinisalimu. Jibu nilikuwa nalo, neno moja tu, la kusema sina. Nikafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Machozi yakanijaa. Nilijua kwamba mume wangu anaondoka kwa sababu yangu.

Mavyaa wangu akanishika mkono. Akasema kwa Kiingereza:

"Wawili."

Sikuamini. Hakuna aliyewahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kiingereza. Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vilikuwa vimebana kiganja changu.

"Mmoja yuko hapa," akasema. Akangoja, kama anayetafuta kitu gizani kwa mkono. "Mmoja hayuko hapa."

Maneno yote yalikuwa ya kikombe na ya tende. Hakuwa na mengine, wala hakuyahitaji. Ncha za viatu zikarudi nyuma taratibu. Mzungu hakuuliza swali jingine. Nilisikia mzee wa Kigoa akipenga, na Mzungu, kama nilivyoelezwa baadaye, akimuuliza mume wangu yule wa pili alimfundisha lini, na mume wangu akasema kweli, kwamba hakumfundisha. Wakanong'onezana. Kisha ikasikika kalamu ikiandika.

Walipoondoka mume wangu alipita pazia na cheti mkononi. Hakunionyesha mimi. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaibusu mikono yake, akalia wazi kama mtoto. Mimi nami nikalia, nikisingizia moshi wa buli. Mavyaa wangu hakukitazama kile cheti.

"Sasa huendi?" akamuuliza.

"Siendi, Mama. Nimebaki."

"Alhamdulillahi." Akampangusa uso kwa ncha ya leso yake, akamwacha akae. Baada ya kitambo akasema, bila ya kumtazama, "Na mtu aliye mbali, ukitaka aregee. Waingereza husemaye?"

Mume wangu alinitazama kwanza, kisha akamtamkia neno la Kiingereza la kumwambia mtu arudi. Mama yake alijaribu, ulimi ukamkwama, akamwomba mwanawe alitamke tena polepole.