Kuni za Matanga ya Bibi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kila nikishika shoka. Nilikuwa kijana wa kuota ndevu, hapa hapa Ulemo, nikilelewa na bibi yangu mzaa baba. Asubuhi maksai alimkumba zizini, akamtupa juu ya mawe. Nyonga ikavunjika.

Ndugu walikimbilia mkokoteni wa kumpeleka hospitali Kiomboi. Mimi nilikimbilia shoka. Unajua kwetu msiba ukitokea vijana ndio wanaokata kuni za matanga, nami nikajiambia, kwa umri ule, bibi ataiona kesho kweli? Mkokoteni ulipofika nilikuwa nimeshapanga rundo nyuma ya nyumba. Wahenga walikataza kukata kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mimi nilikata kuni kabla mzee hajafa. Uchuro mtupu!

Hospitali tulipokewa na daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti kali.

"Shikamoo, daktari," nikasema. "Huyu ni mzee sana. Tusimsumbue, turudi naye tu nyumbani."

"Marahaba. Sijakuuliza miaka. Juzi alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapalilia alizeti."

"Maji anachotewa na nani?"

"Anachota mwenyewe."

"Na chakula?"

Nikainamisha kichwa. "Anapika yeye. Hata mimi nakula kwake."

"Basi kati yenu wawili, mwenye hali mbaya ni wewe."

Bibi, na maumivu yake yote, akacheka. Daktari akanieleza taratibu kwamba hawezi kuahidi, maana nyonga ya mzee ni jambo zito. Lakini mtu aliyekuwa akijimudu kabla ya kuumia ana nguvu za kupambana, na miaka peke yake haimhukumu mtu.

Alitibiwa, na baada ya miezi kadhaa bibi alirudi nyumbani akitembea kwa fimbo, akazunguka nyuma ya nyumba, akaliona rundo. Nilitamani ardhi inimeze. Akagonga gogo moja kwa fimbo yake.

"Zimekauka vizuri. Washa moto, mjukuu wangu, unipikie uji."

Hakunisema tena. Kuni zilizobaki zilipika pilau ya harusi yangu, naye akila na kushangilia. Namshukuru bibi, namshukuru na yule daktari, ambaye hata jina lake sikulishika.

Sasa mwezi uliopita, mwanangu, nilipoanguka na baiskeli njia ya Misigiri, nilikusikia ukimwambia daktari, "Baba jana alikuwa analima." Nililia, na wala si kwa maumivu. Asante sana.

Kwa hiyo shika neno hili. Mzee akiumia, mwahishe hospitali, na useme alivyokuwa akiishi kabla hajaumia. Kifo kina mwenyewe, usikitangulie na shoka.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Na siku ukianguka, akupe mtu anayejua jana ulikuwa unafanya nini.