Afande Aliyekuwa Akimfuata Hajji

Juzi nilikuwa nasubiri chapati katika hoteli moja ndogo ya Mbale. Mzee aliyekaa karibu na mlango akamwita mwenzake aliyekuwa akiingia na mkongojo: "Hajji! Bado unakunywa chai bila sukari?"

Hajji alimkazia macho, kisha akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Afande! Si wewe uliyekuwa ukinifuata?"

Nikasahau chapati. Kumbe afande alikuwa mtu wa usalama wa taifa, na Hajji, muuza vitambaa, alikuwa mshukiwa wake. Alishukiwa kwa lipi, wote wawili wamesahau.

"Kwani ulijua?" afande akauliza.

"Wallahi nilijua! Mvua ikinyesha nilikuwa nakungoja. Nikienda Jinja, namwambia kondakta akuwekee kiti nyuma yangu."

Afande akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Alipoacha usalama, alisema, alizunguka Kampala miaka mingi akiwasemea wenye viwanda vya sukari kwa mawaziri. Huko hakuna aliyewahi kumngoja mvuani.

Mimi zama zile nazikumbuka kwa hofu, lakini nilijikuta nikitabasamu.

"Siku hizi," Hajji akasema taratibu, "tangu mama watoto afariki, nikitoka nyumbani hakuna anayejua nimekwenda wapi."

Afande aliweka kijiko chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini: "Kesho unatoka saa ngapi?"

"Saa nne. Naenda sokoni."

"Nitakuwa pale kona. Ila tembea polepole, Hajji. Goti langu si lile la zamani."