Ngozi ya Maji ya Ndizi Iliyolinda Goti Langu

Niliondoka Kasese kwa sababu ya goti. Mguu wa kushoto, chini ya goti hilo, waliuchukua watu wawili: Baluku, dereva wa lori la mawe, na Muhindo, meneja aliyejua lori halina breki na bado akamtuma. Karatasi yao inasema ni ajali. Haya. Mguu wa bandia nao ukaanza kunichubua, na daktari akasema kidonda kikifunguka tena atakata juu ya goti.

Asubuhi, mto Nyamwamba. Jirani alinipakia kwenye pikipiki, mguu wa bandia nimeupakata kama mtoto wa mfalme. Kila aliyetuona alinipa pole. Pole haijawahi kuadimika Kasese.

Saa sita, Bwera. Mama Masika, anayetengeneza ngozi isiyotoka kwa mnyama, alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Mabeseni yalijaa maji ya ndizi. Vidudu visivyoonekana hula sukari yake na kufuma utando mweupe juu. Wapika pombe huutupa, wakisema pombe imeharibika. Mimi niliyeishia darasa la nne ningeutupa pia.

Utando mkavu ulivunjika mkononi mwangu kama karatasi. Alieleza kwamba wengine huulainisha kwa dawa zinazochoma mtu na kuharibu mto. Yeye huchemsha polepole magamba ya samaki yanayotupwa na wavuvi wa Katwe mpaka yatoe protini, kama gundi, kisha huloweka utando humo siku tatu. Protini hushika nyuzi, utando unalainika na haugandi kwenye kidonda.

Nilimuuliza kama ana hakika.

"Papa, ile ya kuganda nilivaa mi mwenyewe ku mukono, ikanitoa ngozi. Hii iko muzuri. Leta muguu. Lori hukuogopa, unaogopa mi?"

Nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Alasiri, barabara ya Mpondwe. Alikivika kigutu changu utando uliokwisha kulainika, akaniamuru nivae mguu wa bandia nitembee mpaka mpakani mwa Kongo na kurudi. Kila hatua nilingoja ule unyevu ninaoujua, wa damu.

Kesho yake, Kasese. Daktari alifungua mwenyewe. Utando ulitoka bila kuvuta nyama, chini pakavu. Akasema goti libaki.

Nimejifunza kwamba lazima nirudi Bwera kila mwezi, maana ngozi hii inaoza. Masika anasema ndio uzuri wake: ikichoka unaizika shambani, inakuwa mbolea, haimsumbui mtu. Nimemwelewa. Baluku bado anaendesha, Muhindo bado yuko ofisini, na sijaona shamba litakalowakubali.