Kitenge Kati ya Kiti cha Kwanza na cha Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu, rula na ndoo. Kalamu na rula nilivielewa. Kuhusu ndoo ilibidi nimwulize Meneja wa Tawi la Iringa, mzee mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa kumi jua likiwaka.

"Mama Upendo," akaniambia, "basi la watu ishirini na sita halikosi mtapikaji. Ukishajua nani atatapika na wapi, utakuwa umeanza kuijua barabara."

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Iringa. Kazi yetu ilikuwa kuwasafirisha watalii wa ndani, yaani sisi wenyewe, tunaotaka kuiona nchi yetu lakini hatuna uwezo wa kukodi yale magari yenye paa la kufunguka. Tulikodi kosta, tukaijaza kwaya, walimu wastaafu au jumuiya ya kanisa, tukapakia sufuria, mchele na kuni, tukaondoka. Mji wa kale wa Iringa na boma lake la Wajerumani, zana za mawe kule Isimila, makumbusho ya Kalenga, halafu hifadhi ya Ruaha kupitia Idodi. Kulala ni kwenye madarasa ya shule au ukumbi wa kanisa, kila mtu na shuka lake.

Vijana wanaofanya kazi hii leo wanadhani kupanga safari ni kupanga ratiba. Meneja alinitoa ujinga huo wiki ya kwanza. "Ratiba ni ya kumfurahisha mteja," alisema. "Karatasi ya viti ndiyo safari yenyewe." Karatasi ya viti ni mchoro wa basi wenye majina, nani anakaa wapi. Mwenye kukoroma humweki karibu na dereva, atamwambukiza usingizi. Mwenye mahindi ya kuchemsha unamweka nyuma kabisa, maana akikaa mbele ataombwa na basi zima. Na wale wanaotaka kuchimba dawa kila baada ya nusu saa, yaani basi lisimame waingie kichakani kujisaidia, unawaweka mlangoni na unawaombea.

Nilikaa Iringa miaka mingi na nikajiona nimeiva. Niliwajua watu wangu. Niliwahi kuwapeleka wakulima wa Kilolo kule Isimila, mwongoza wageni akawaeleza kwa heshima zote kwamba jiwe lile lilikuwa shoka la watu wa kale. Bibi mmoja akaligeuzageuza, akasema, "Haya kwangu shambani ninayatupa kila msimu. Kumbe nilitakiwa niweke lango na mlinzi!" Kikundi kizima kikataka kurudi nyumbani kwenda kuokota mawe, na ilinibidi niwatulize kwa chai.

Baadaye nikahamishiwa makao makuu Mbeya, cheo Mratibu Mkuu. Mkurugenzi alikuwa mama wa Kinyakyusa, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ninaripoti alinitazama juu hadi chini akasema, "Haya, Mhehe wetu. Iringa umejua. Sasa ujue na huku."

Mimi nikacheka. Huku kuna nini cha ajabu? Basi ni basi.

Kikundi changu cha kwanza kilitoka Ilomba, hapo hapo Mbeya, jumuiya ya kanisa, watu ishirini na sita pamoja na Mwinjilisti wao. Kwenye orodha niliona majina mawili ya ukoo mmoja, Mzee Ambakisye na Tumpe. Kijana mmoja dereva wa lori ndiye aliyewalipia wote wawili kabla hajaondoka na mzigo. Alinipigia simu kunieleza kwamba mzee macho yanafifia kwa presha ya macho, na daktari amesema yatakwisha, kwa hiyo awe na mtu wa kumsaidia kuona. Mimi nikafikiri ni baba na binti yake. Kwa moyo mweupe kabisa nikawapa viti vya heshima, cha kwanza na cha pili, ubavu kwa ubavu.

Asubuhi ya safari ya Iringa na Ruaha Mzee Ambakisye alifika mapema, suti ya kijivu na fimbo, akapanda akakaa. Nikamwamkia na kumwuliza ana shauku ya kuona nini.

"Tembo," akasema. "Mimi ni fundi seremala, mwanangu. Nimechonga tembo kwenye vitanda vya maharusi miaka arobaini, na sijawahi kumwona hata mmoja. Niliiga kwenye kiberiti na kwenye kalenda. Nataka nimwone kabla macho hayajafunga, nijue kama niliwadanganya watu."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi nikaona haya kucheka. Nikamwahidi tembo, kosa ambalo mpanga safari yeyote anajua hatakiwi kulifanya.

Ndipo akaja Tumpe, dada wa miaka thelathini na kitu, mkoba begani. Akatia mguu kwenye ngazi, akamwona mzee, akarudi kinyumenyume kama aliyekanyaga moto na kujificha nyuma ya gari. Mzee naye aligeuza uso dirishani, shingo imekakamaa. Basi zima likaanza kucheka chini chini. Nikampigia simu Mkurugenzi.

"Tumpe si binti yake!" akapiga kelele. "Ni mkamwana wake! Umemkalisha mkamwana na baba mkwe kiti kimoja? We Mhehe we, unataka watu waruke madirishani?"

Kwa asiyejua, nieleze kama nilivyoelezwa mimi siku ile nikiwa nimesimama uwanjani natokwa jasho. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila za zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mkamwana hamtazami, hamsemeshi, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, na wakikaribia kukutana njiani, mkamwana ndiye anayeingia majanini. Si ugomvi, ni heshima. Wengi siku hizi wamelegeza, na yule kijana wa lori alidhani hata baba yake angelegea akishalipiwa. Mzee hakulegea. Walikuwa wanaishi uwanja mmoja, nyumba mbili, na kwa miaka tisa chakula cha mzee kilipelekwa na wajukuu.

Nilichora karatasi ya viti upya juu ya boneti. Tumpe akapandia mlango wa mizigo wa nyuma, juu ya mchele na sufuria, akakaa kiti cha mwisho. Ikawa hivyo safari nzima. Tukisimama kuchimba dawa, Mwinjilisti alitangaza kama yuko ibadani, "Mzee anashuka, wa nyuma tulieni!" Halafu, "Mzee amepanda, wa nyuma sasa!" Pale Chimala, abiria waliposhuka kununua mchele ambao niliwakataza wasinunue hadi tukirudi, mzee alizungukia upande wa kulia wa gari na Tumpe upande wa kushoto, na wauza mchele wakadhani tunacheza mchezo fulani wa kanisa.

Iringa mjini hawakuelewana hata na jengo. Boma la Wajerumani lina vyumba, na kila chumba alichoingia mzee Tumpe alikikosa. Alifanya ziara yake kinyume, kuanzia mlango wa kutokea, na mwongozaji akamweleza historia yote ikirudi nyuma. Tukalala kwenye ukumbi wa kanisa Idodi. Wenyeji walitupokea na salamu ya Kihehe, "Kamwene", na ugali wa moto, na mimi nikapumua, kwa sababu hapo angalau nilikuwa kwa ndugu zangu.

Kesho yake tuliingia hifadhini saa moja asubuhi. Sheria ya lango ilikuwa wazi: saa kumi na mbili jioni gari liwe nje. Na hapo ndipo nilipoanza kuona uzito wa kosa langu.

Tumpe alikulia Chimala akifukuza kweleakwelea kwenye mashamba ya mpunga. Mtu aliyelelewa kwa kutafuta ndege wa ukubwa wa kidole ndani ya mpunga haoni tabu kumwona twiga. Alimwona kabla ya mwongoza wageni wa hifadhi, kabla ya dereva. Lakini yuko nyuma na hawezi kumsemesha mzee. Basi anamnong'oneza jirani, "Mwambieni wa mbele, kushoto, nyuma ya mti mkubwa." Jirani badala ya kupeleka ujumbe, anasimama kuangalia kwanza. Na wa mbele yake naye anasimama. Ujumbe unapofika kiti cha kwanza, twiga ameshaondoka na mzee ameshazungukwa na makalio ya waumini.

Wakapita swala, pundamilia, hata simba wawili. Mzee hakuona kitu. Waliokaa jirani naye walijitahidi kumsimulia.

"Ni mkubwa, mzee! Mkubwa sana!"

"Mkubwa kama nini?"

"Kama... aa, mzee, mkubwa tu."

Saa tisa alasiri mzee akaacha kuuliza. Alikunja mikono juu ya fimbo akatazama mbele. Nilimwona akifuta macho kwa leso, na sikujua kama ni vumbi. Iliniuma. Nilikuwa nimempa kiti bora kuliko vyote ndani ya gari, na kumbe nilikuwa nimemnyima macho aliyoletewa na mwanawe.

Nilivua kitenge nilichojifunga juu ya suruali. Nikachuchumaa mbele ya mzee, nikashika goti lake kama ninavyomwamkia baba yangu.

"Baba, naomba nikuulize jambo, ukikataa sitarudia. Tumpe aje akae hapa pembeni, na kitenge hiki kikae katikati. Hutamwona wala hatakuona."

Dereva akazima injini. Hata wale waliokuwa wanatafuna waliacha.

"Hicho kitenge ni kizito?" akauliza.

"Kizito, baba."

Akakipapasa kwa vidole viwili, kama fundi anavyopima ubao. "Basi na alete macho yake."

Mwinjilisti akashika pembe moja, mimi nikashika nyingine, mikono juu. Tumpe akaja mbele ameinama, kanga kichwani hadi puani, akakaa. Dereva akawasha gari, akaliteremsha taratibu kuelekea mtoni. Mikono ilianza kuniuma, na Mwinjilisti, aliyekuwa mnene, akaanza kuhema, lakini hakuna aliyethubutu kutupokea asije akakosea akashusha.

Karibu na mto Tumpe akainua kidole. Tembo alikuwa amesimama kando ya barabara mbele yetu, karibu kiasi kwamba mwongoza wageni alitufanyia ishara tusipumue.

"Yupo kushoto kwako," Tumpe akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ule weusi mkubwa unaosogea, ndiye."

Mzee akasogeza uso hadi kioo kikapata ukungu. "Naona kama ukuta unatembea."

"Ndiye huyo huyo." Akachungulia tena kioo cha mbele. "Mkonga ni kama ulivyochonga kwenye kitanda chetu. Mikunjo ile ile. Miguu nayo ni ile ile, minene hadi chini. Meno yako ni mazuri kuliko yake, la kwake moja limevunjika."

"Na masikio?"

Nilimwona Tumpe akikunja mkoba wake mapajani.

"Masikio," akasema, "uliyapunja."

Nikadhani tumekwisha. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na ikatuchukua muda kuelewa kwamba anacheka. Alicheka hadi fimbo ikamwanguka.

"Mbao zilikuwa fupi!" akasema. "Miaka arobaini, mbao zilikuwa fupi!" Kisha akageuka upande wa kitenge, akakiambia taratibu, "Kumbe sauti yako ndiyo hii."

Wamama watano nyuma walikuwa wanalia waziwazi. Mwinjilisti alishindwa kufuta machozi kwa sababu ya pembe yake ya kitenge. Tulitoka langoni zikiwa zimebaki dakika nne, na askari wa lango akataka kujua kwa nini watu wazima wawili wameinua nguo juu ndani ya gari. Mwinjilisti akamjibu kwamba ni masuala ya viti.

Kitenge niliwaachia. Mkurugenzi alipopata habari hakuniambia pole wala hongera. Alichukua fomu yetu ya abiria akaongeza mstari kwa mkono wake: "Nani asikae na nani?" Mstari huo ulituokoa mara nyingi, na kila mtu aliujaza kwa uaminifu uliopita kiasi. Mwalimu mstaafu mmoja aliandika jina la mke wake.

Sasa nimestaafu na nimerudi Iringa. Vijana walionirithi wananipigia simu mara moja moja. Siku hizi abiria anachagua kiti mwenyewe kwenye simu, na wamenieleza kwamba ule mstari wameuondoa kwa sababu unaonekana wa kizamani. Sikubishana nao. Niliwauliza tu kama bado wanabeba ndoo.

Siku ya kuagwa kwangu Mbeya, watu walileta vitenge na sufuria, kama kawaida. Tumpe alikuja mwisho na kitu amekifunga kwenye gazeti. Kilikuwa tembo wa mti, mdogo wa kukaa kiganjani, masikio makubwa mno hata hawezi kusimama, anaanguka kifudifudi. Nyumbani kwangu nimemwegemeza kwenye redio.

"Macho yameshakwisha kabisa," Tumpe akaniambia. "Huyu amemchonga kwa vidole. Anasema safari hii mbao ilitosha."

Nikamwuliza, kama nilivyozoea, wajukuu ndio waliomletea ujumbe huo?

"Hapana," akasema. "Kitenge chako tumekitundika mlangoni kwake. Ameniambia mwenyewe."