Santuri Iliyoanikwa Juani

Manyara ilipokuwa mkoa mpya na Babati ikajaa wageni wa maofisini, mimi nilikuwa nimeshaacha shule ili niwalee wadogo zangu watatu. Wazazi walituachia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri moja nzito ya dansi, waliyokuwa wakiicheza sebuleni kila Jumapili.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikaikuta santuri kichanjani, imeoshwa kwa sabuni na kuanikwa pamoja na masufuria.

"Ilikuwa na vumbi, dada," kitinda mimba wetu akasema kwa fahari.

Jua lilikuwa limeipindapinda kama chapati. Nilitaka kulia, maana hatukuwa na kitu kingine cha kutukumbusha wazazi wetu wakifurahi.

Hata hivyo niliiweka kwenye gramafoni, nikazungusha mpini. Sindano ikapanda mlima, ikashuka bondeni. Tarumbeta zikazama, zikaibuka, mwimbaji akayumba kama mlevi. Lakini wimbo ulikuwa ule ule! Wadogo zangu wakaucheza ulivyokuja: wakachuchumaa sauti ilipozama, wakaruka ilipopanda. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Bibi jirani akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo mwimbaji wenu ana homa?"

"Alishinda juani, bibi."

"Basi mpeni maji," akasema, akavua kandambili, akaingia kuchuchumaa nao.

Santuri ilipokwisha, bibi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote: "Rudia!"